Orodha Mpya ya Wapiga Makasia

Iko siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na tangu niliposikia umepewa kuongoza ushirika wa pale Mbugangari, imekuwa ikinirudia na kuninyima raha.

Nilikuwa na miaka thelathini. Nilikuwa nimerudi kutoka Congo na diploma yangu, na wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, hapa Gisenyi wakanifanya meneja wa ushirika wao. Unajua wanavyovua usiku: mitumbwi mitatu imeungwa kwa miti mirefu, na wapiga makasia wote huimba ili waende pamoja. Mimi niliona kila kundi ni ndugu na majirani watupu, nikasema hapa pana upendeleo. Nikajifungia ofisini, nikawachanganya wote kwenye orodha mpya, ianze kesho yake. Na sikuwa nimewahi kupanda mtumbwi hata mara moja. Aibu hiyo nakuambia wewe tu.

Mzee Antoine, aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kundi la kwanza, alikuja ofisini akavua kofia.

“Patron, hawa batu bamezoeana. Jaribu kwanza na équipe moja, kundi moja, siku moja tu, tuone.”

“Bon, mzee, liste imeisha kupigwa muhuri,” nikamjibu, hata kiti sikumpa.

Wakaingia ziwani hivyo hivyo. Asubuhi, wakiwa njiani kurudi, upepo ukawakuta. Mzee Antoine alianzisha wimbo, lakini watu wa mtumbwi wa pili hawakuujua. Hawa wakavuta, wale wakasita, mti mmoja ukakatika. Innocent, mtoto wa mzee, akabanwa mguu kati ya mitumbwi. Madaktari hawakuweza kuuokoa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hakupenda kazi nyingine yoyote.

Nilikwenda hospitali na maneno niliyoyaandaa. Mzee akanizuia mlangoni.

“Mi sikukatala kubadilisha, patron. Niliomba siku moja tu.”

Nikageuka na maneno yangu, nikaondoka. Orodha niliifuta jioni ile ile, ila mguu wa Innocent haukurudi. Mzee ameshafariki, na radhi sikuwahi kumwomba. Kila nilipomwona sokoni nilipita njia nyingine. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi, mwanangu, mabadiliko utayaleta, na mengine lazima uyalete. Lakini kabla ya kumhamisha mtu hata mmoja, nenda ukashinde naye kazini mpaka uone anamtegemea nani, na nani anamtegemea yeye. Jaribu padogo kwanza, hata kama wakubwa wako wanakuharakisha. Na ukikosea, nenda mwenyewe ukaombe radhi siku hiyo hiyo, usisubiri upate maneno mazuri. Mimi niliyasubiri mpaka nikamzika mtu. Mungu akulinde katika kazi yako, akupe watu wenye ujasiri wa kukukatalia, na akupe moyo wa kuwasikiliza wangali hai.