Katoyi inasubiri jiwe moja litoke ukutani

Wewe unayesoma gazeti hili unamjua Mushagalusa. Kama humjui yeye, unamjua shemeji yake, au mtu aliyepanda naye boti siku ile ya Januari 2025 watu walipokimbia vita. Tangu hapo umepita mbele ya geti lake la bluu, ukaona kufuli, ukageuza uso upande wa pili wa barabara. Katika mji huu tumekuwa mabingwa wa kugeuza uso. Leo hapana. Leo utasimama nasi mbele ya ukuta huu mpaka mwisho.

Saa moja asubuhi, Jean de Dieu Harelimana amepiga magoti chini ya ukuta wa mawe meusi katika mtaa wa Katoyi, magharibi mwa Goma. Mtaa mzima unamwita Papa Jado. Anagonga jiwe mara mbili kwa nyundo, anasikiliza, anaingiza tindo pembeni yake, na jiwe linatoka zima kama jino bovu. Katika nafasi iliyobaki analaza bomba jembamba la plastiki. Ndani ya bomba utapita waya mweusi, mwembamba kuliko kalamu.

Huo ni waya wa fibre, uzi wa kioo unaoleta intaneti mpaka ndani ya nyumba. Hapa Katoyi wanauita uzi, basi.

Papa Jado anarudisha jiwe mahali pake, anafuta mikono kwenye suruali, anasogea mpaka kwenye kona. Hapo anasimama. Ukuta unaofuata ni wa Mushagalusa.

"Umefika tena ku mupaka, Papa Jado," inasema sauti kutoka tundu la geti la bluu. Ni Nsanzimana, sentineli anayelinda nyumba hiyo. "Leta pasipoti."

"Visa unatoa wewe?"

"Mimi niko mulinzi wa mapera. Visa iko na patron."

Wanacheka kidogo. Wamecheka hivyo kila wiki tangu wenye nyumba waondoke, na mzaha umeanza kuchakaa.

Papa Jado ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Kiwanja, kaskazini mwa Goma, akaja mjini mwaka 1997 akiwa na shati moja na mwiko wa kujengea wa babake. Kazi yake ni kujenga kuta za mawe ya lava zinazozunguka parseli, yaani viwanja vya watu. Zamani alifanya kazi siku sita kwa wiki. Tangu benki zifungwe, nani anajenga? Akipata siku mbili za kazi, kila siku dola tano, anahesabu wiki imekwenda vizuri.

Kazi ya uzi hailipwi. Uzi ni mali ya ushirika wa majirani, ambao kila mmoja anatoa kidogo kwa mwezi, na pamoja wananunua intaneti kwa jumla na kuigawa mlango kwa mlango. Walichoka. Walichoka kununua mega za intaneti ya simu asubuhi na kukuta zimekwisha saa sita mchana. Kampuni za simu ziliwaambia wangoje. Serikali iliwaambia wangoje. Volkano haikuwaambia wangoje, vita havikuwaambia wangoje, ni intaneti tu iliyokuwa na subira nyingi hivyo.

Mtu wa mji mwingine atauliza: kwa nini uzi upite ndani ya kuta za watu? Si mchimbe mtaro?

Goma haichimbiki. Chini ya vumbi ni mwamba wa lava, na juu ya mwamba huo ni lava nyingine. Nguzo je? Walizisimamisha. Vita vya vijijini vikafunga njia, makala, yaani mkaa, yakapanda bei, nguzo zikaingia jikoni moja moja. Papa Jado hamlaumu mtu. "Mama mwenye watoto nane atapika na nini? Na rezo?" Rezo ndiyo mtandao.

Zikabaki kuta. Katika Katoyi ukuta wa jirani umeshikana na ukuta wa jirani, kama watu wameshikana mikono. Mwaka 2019 Papa Jado aliwaambia wanaushirika kwamba mikono hiyo inaweza kubeba uzi. Wakamwachia kazi.

Mwanzoni alikosea, na alikosea kwa sababu ni fundi mzuri. Fundi mzuri wa kuta haachi tundu. Kila alipolaza bomba, aliziba kwa sementi mpaka usione lilipopita. Majirani walipitisha kiganja ukutani, wakamsifu. Kisha ikaja Mei 2021, Nyiragongo ikalipuka, na siku zilizofuata ardhi ikatetemeka bila kupumzika. Kuta zilipasuka, na popote ukuta ulipopasuka, uzi ulikatika pamoja nao, kwa sababu sementi ilikuwa imeushika kooni.

"Volkano haikukata uzi," anasema. "Ni mimi nilikuwa nimeufunga."

Alibomoa sementi yake mwenyewe, parseli baada ya parseli. Sasa mawe yanayofunika uzi yanapangwa makavu, moja limeegemea lingine, na bomba limelegezwa nyuma yake. Ardhi ikitikisika, mawe yanacheza na uzi unacheza nayo. Kuta ishirini na saba zimepitiwa hivyo. Kwenye kila kona wameandika kwa rangi nyeupe, HUMU HAKUNA SHABA, NI KIOO, kwa ajili ya wale wanaokata waya wakidhani watauza shaba.

Ushirika una sheria moja ambayo hakuna mtu anayeichezea. Kabla uzi haujapita, mwenye ukuta anatoa jiwe la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya majirani. Kama hayupo, anapiga simu, sauti inawekwa juu, majirani wanasikia, anataja jina la mtu atakayelitoa kwa niaba yake. Ndipo nyundo ya Papa Jado inaanza.

Na Mushagalusa hajatoa jiwe.

Usiharakishe kumhukumu. Sisi wenye kumbukumbu tunajua kwa nini mtu wa Goma anaogopa ukuta wake kuguswa. Mwaka 1996 watu walikimbia, wakarudi wakakuta mgeni ndani na karatasi yenye mihuri. Mwaka 1998, hivyo hivyo. Mwaka 2012, tena. Anayekuja kukunyang'anya parseli haanzi na nyumba. Anaanza na jiwe moja la ukuta, kuona kama kuna mtu atauliza. Ndiyo sababu Mushagalusa, mfanyabiashara wa vitenge kutoka upande wa Bukavu, alipofunga geti na kukimbilia ziwani na watoto, alimwachia Nsanzimana neno moja: ukuta usiguswe na mtu.

Lakini kuna jambo ambalo Mushagalusa na Papa Jado wanalijua tangu mwaka 2002.

Mwaka ule lava ilishuka mpaka mjini na kuifunika parseli ya kwanza ya Mushagalusa. Ilipopoa, palikuwa uwanja mweusi unaotoa moshi, bila mpaka, bila alama. Majirani wawili wakadai kwamba sehemu yake ni yao. Karatasi zilikuwa zimeungua. Chifu wa mtaa akauliza nani alijenga ukuta uliokuwa hapo. Akaitwa kijana wa miaka ishirini na minane, Jado. Alitembea juu ya lava, soli za viatu zikinuka, akapima kwa macho kutoka kona ya kanisa, akasema: vunjeni hapa. Wakavunja. Chini yake wakakuta msingi wa ukuta.

Mushagalusa alipata parseli yake, akaiuza, akanunua nyingine Katoyi. Ukuta wa Katoyi alimpa Papa Jado aujenge, kwa mawe yaliyovunjwa kutoka lava ileile iliyomfunika. Ndio ukuta huu wenye geti la bluu.

"Tangu siku ile, kila mwenye kugombania mupaka ananiita," anasema Papa Jado. "Masikini ananiita, tajiri ananiita. Mutu anayejenga ukuta njo shahidi wa ukuta."

Ng'ambo ya ukuta huu kuna nyumba kumi na moja na kituo kidogo cha afya chenye vyumba viwili. Mkunga wa kituo ni Umuhoza, binti mkubwa wa Papa Jado. Daktari aliyekuwa akija kumsaidia amehamia Butembo na familia yake, lakini hakuwaacha. Umuhoza akiona mimba inayomtia wasiwasi, anapiga picha kwa mashine ndogo ya ekografia, inayomwona mtoto tumboni, anamtumia daktari, naye anamwambia la kufanya.

Lakini kutoka kituoni picha hazitoki. Mega zinakwama katikati. Kwa hiyo Umuhoza anamwacha mgonjwa kitandani, anakimbia na simu, anauzunguka ukuta wa Mushagalusa mpaka kwa Valérie, nyumba ya mwisho yenye uzi. Anasimama mlangoni, picha inaruka, jibu linakuja, anakimbia kurudi.

Mwezi uliopita alimwacha mama mmoja, Mukamurenzi, uchungu ukiwa bado mbali. Aliporudi, mtoto alikuwa tayari kwenye mikono ya mama mkwe, kamba ya kitovu imezunguka shingo, na mama mkwe anamwangalia bila kujua aanzie wapi. Umuhoza alimfungua. Mtoto alilia. Wote wawili wazima.

Nsanzimana alipendekeza mtoto aitwe Rezo. Mama Mukamurenzi hakucheka. "Wewe mwenye ufunguo wa hiyo geti," alimjibu, "usinifanyie mizaha."

Maneno hayo yalimwingia. Jioni yake alimfuata Papa Jado nyumbani.

"Papa Jado, kesho mimi nitaenda sokoni. Nitakawia. Geti nitasahau kufunga."

"Hapana."

"Sitaona kitu. Hata mapera sitaona."

"Nsanzi, hapana."

"Mutoto alikuwa karibu kufa. Na mukunga ni binti yako. Utakufa na heshima yako, muzee."

Papa Jado anasimulia mazungumzo hayo bila kujitetea. Kisha anasema jambo ambalo hakumwambia Nsanzimana. Desemba, kabla ya vita kuingia mjini, alikutana na Mushagalusa barabarani. Mushagalusa alimwambia: tusherehekee bonane, mwaka mpya, kwanza, halafu nakuja kutoa jiwe mwenyewe.

Alikubali, basi. Kwa nini Papa Jado asipitishe uzi?

"Nilisikia peke yangu," anasema. "Na mimi ndiye mwenye kutaka uzi. Shahidi wa neno linalomufaa yeye mwenyewe, uyo si shahidi. Nikipita leo, kesho mutu akija na karatasi ya uongo juu ya parseli ya mujane, mujane ataniita, nitasema nini? Batasema, Jado naye anaingiaka kwa kuta za wenye kukimbia."

Umuhoza, anayekaa pembeni akimenya ndizi, hakubaliani naye na hafichi. "Papa yuko sawa kwa parseli. Mimi niko na watu kitandani." Anachukua ndizi nyingine. "Lakini sijamwambia apite. Niandikie hivyo pia."

Namba ya simu ya Mushagalusa haipatikani tangu Februari. Ujumbe aliotumiwa unaonyesha alama moja ya kijivu, haujafika. Papa Jado amekwenda bandarini mara kadhaa kuuliza kwa watu wa boti. Kila mtu anajua kitu, hakuna anayesema.

Na muda unakwisha. Valérie ndiye anayeongoza ushirika, na ndiye anayeunga uzi kwa mashine yake ndogo inayoyeyusha kioo kwa kioo. Nyumbani kwake limebaki roli moja la uzi uliokunjwa. Kuna barabara moja ya Ndosho, mtaa mwingine wa Goma, ambayo wenye kuta wote wamekwisha kutoa mawe, na wao pia wana mama wajawazito. Wanaushirika walipiga kura: mwezi huu ukiisha bila jiwe kutoka, roli linakwenda Ndosho.

"Nilipiga kura ya ndiyo," anasema Valérie. "Uzi haulali ndani ya nyumba yangu kama blanketi. Lakini nikikata hilo roli nitamwangalia Umuhoza na macho gani?"

Kununua roli lingine? Lile lilifika kabla barabara na uwanja wa ndege havijafungwa. Lingine halionekani.

Papa Jado ana mpango wake, na si mkubwa. Anataka kupitisha uzi, kufika kituoni, kisha kujenga upya ukuta wa mbele wa kituo ambao mabomu yaliuangusha. Mawe ameanza kuyakusanya. "Mushagalusa akirudi, akute mupaka wake mahali nilimujengea. Hata sentimita moja haitapungua. Na akute wifi, bure mwezi wa kwanza."

"Miezi miwili," anasema Nsanzimana kutoka getini. "Patron anapenda mpira."

Sasa wewe.

Hatukuombi utuambie Mushagalusa yuko wapi. Kaa na siri hiyo, katika mji huu siri kama hiyo imeokoa watu. Tunakuomba kitu kimoja: mpelekee ukurasa huu. Upige picha, umtumie shemeji yake, umpe mtu wa boti. Jumamosi asubuhi majirani watakuwa kwenye salongo, kazi ya pamoja ya usafi, wakifagia mbele ya geti la bluu, na simu ya Nsanzimana itakuwa wazi, sauti juu. Apige. Ataje jina la mtu mmoja, anayemwamini yeye. Hiyo tu.

Na wewe mwenye geti lingine lenye kufuli, Katoyi, Ndosho, popote, unayekaa Kampala au Brussels ukiuliza kwa simu kama mapera yameiva, usingoje jina lako liandikwe hapa. Mpigie sentineli wako leo. Mwambie majirani waje kusikia.

Jiwe la Mushagalusa liko upande wa kushoto wa geti, safu ya pili kutoka chini. Papa Jado hajaligusa. Nsanzimana amelifuta vumbi.

Mwezi una Jumamosi mbili zilizobaki. Umekwisha kusoma, kwa hiyo huwezi tena kusema hukujua. Tuma.