Gurudumu Lililosogea Zione Akiwa Ndani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Zione Namagowa anatambaa kupitia tundu ambalo mtu mnene hapiti. Humo ndani, katika kituo kidogo cha umeme kwenye Mto Shire, limesimamishwa kwa matengenezo gurudumu la chuma linalozungushwa na maji. Anachora mstari wa chaki kutoka kwenye gurudumu hadi ukutani, anavaa kinyago cha kuchomelea, na mikono inamtetemeka.

"Hutetemeka kila siku," anasema. "Mwaka wa tisa huu. Nikishawasha moto inatulia yenyewe."

Kazi yake, ya kwacha elfu thelathini kwa siku, ni kuziba mashimo yaliyochimbwa na maji. Ndiyo, maji! Gurudumu likienda mbio, maji yanayopita karibu na mapanga yake huvurugika, hujisokota na kutoa mapovu. Mapovu hayo yakipasuka hudonoa chuma, mpaka panga linatoboka kama hindi lililoingiwa na dumuzi.

"Ati maji ni laini," anasema mama huyu wa miaka 41, akicheka bila raha. "Waje wayaone yanavyotafuna."

Lakini kinachomnyima usingizi si mashimo. Ni lango la maji huko juu, ambalo limechakaa na linavuja. Likizidi kuvuja, gurudumu laweza kuanza kuzunguka, na kati ya panga na ukuta hakuna pa kukaa mtu. Ndiyo sababu ya chaki. Kila akimaliza fimbo moja ya kuchomelea, huinua kinyago na kuutazama mstari wake.

Leo, kwenye panga la nne, anakiinua kinyago na kuukuta mstari umekatika. Gurudumu limesogea upana wa kidole.

"Nitoeni! Nitoeni jamani, linatembea!"

Anatoka kinyumenyume, goti linavuja damu. Msimamizi wa zamu, Bwana Kapalamula, anakuja na kikombe cha chai mkononi.

"Dada Zione, umeanza tena. Maji ya kuvuja hayo, hayana nguvu ya kusukuma hata kuku."

"Basi ingia wewe, kaka yangu."

"Mjini hawana umeme tangu jana. Mkurugenzi ananipigia kila dakika."

"Mwambie aje naye. Tutamwazima kinyago."

Mafundi wawili walio nje ya tundu wanaangua kicheko. Kapalamula hacheki. Anasema getini wapo watu kumi wanaoililia kazi hii, anaweka kikombe chini, anachukua tochi na kujipenyeza tunduni mwenyewe.

Hapo Zione anaingiwa na hofu zaidi kuliko alipokuwa ndani yeye.

"Kaka, toka! Nilikuwa natania tu, toka!"

Kapalamula anazidi kuingia, inabaki miguu tu. Kisha chuma kinalia, mlio mrefu wa kukwaruza, na hakuna tena anayecheka. Zione anajitupa chini, anashika vifundo vya miguu ya Kapalamula na kuvuta kwa nguvu zote. Mwanamume anatoka bila tochi, mkono wa shati umechanika hadi kwapani. Anainua mkono, vidole vimenyooka.

"Kiganja," anasema. "Limesogea kiganja kizima."

Kisha anawageukia mafundi. "Teremsheni vizuizi vya maji vya huko juu, vyote. Gurudumu lifungwe kwa pini. Mkurugenzi akiwapigia ninyi, mwambieni simu yangu imeanguka mtoni."

Inachukua saa tatu. Zione anaketi na sahani ya nsima na dagaa, anamega tonge na kulirudisha sahanini. Bado mapanga mawili, na kituoni hapa hakuna mwingine anayeiweza kazi hiyo. Anaogopa, na anasema wazi kwamba anaogopa.

Saa tano anapiga magoti mbele ya tundu. "Kaka, usiondoke hapo."

"Siendi popote, dada yangu."

Zione ameshanunua mashine yake ya kuchomelea, ya mkononi, na kupata kibanda kando ya barabara pale Zalewa.

"Mwakani, Mungu akijalia, natengeneza vitanda," anasema, kichwa tayari kimo ndani. "Kitanda ukikiacha mahali asubuhi, jioni unakikuta palepale."