Karavani ya Akeyo Yapimwa Kikopey

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya Lanet, karibu na Nakuru. Celestine Akeyo anaingia na kikombe cha chai ndani ya karavani yake, nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, anaketi kando ya cherehani. Karavani haiendi popote. Imepandishwa juu ya mawe manne nyuma ya nyumba.

"Nikikaa hapa kabla kelele hazijaanza, naona barabara ikipita dirishani," anasema. "Mimi nimesimama, lakini naiona inapita."

Akeyo, 49, hushona viti vya magari na makochi. Karavani aliipata miaka miwili iliyopita katika shamba moja la Gilgil, ikiwa malipo ya kushona upya viti vya nyumba nzima. Kuku walikuwa wakitaga ndani. Aliisugua, akabadilisha mbao za sakafu, akafunga cherehani upande wa nyuma penye mwanga. Anataka kuivuta kutoka Naivasha hadi Baringo, afuate kazi, alale humo.

Kilichobaki ni gari. Mwezi uliopita kambi ya wageni karibu na Ziwa Bogoria ilimpa kazi ya kushona mito sitini ya viti, kwa sharti afike kabla ya mwezi kwisha. Akiba yake ilitosha kununua Probox, gari dogo la mizigo, ya jirani yake Wanyonyi, fundi wa breki.

"Mathe, Probox hubeba miraa, hubeba ng'ombe, hubeba harusi nzima," Wanyonyi alimwambia. "Itashindwa na hako kabanda?"

Akeyo hakubishana. Aliomba tu wajaribu kwanza kuivuta karavani.

Kupanda hadi Gilgil, gari lilikohoa, likafika. Kurudi, kwenye mteremko wa Kikopey, karavani ilianza kutikisa mkia: kushoto, kulia, na gari likivutwa nayo. Wanyonyi alikatiza hadithi yake, akaondoa mguu kwenye mafuta. Alikuwa ameongea tangu Lanet.

Walisimama kwenye bucha la Mbugua. Akeyo hakuagiza nyama. Aliomba mizani.

"Hapa tunapima mbuzi, mama, si nyumba!" Mbugua alicheka. Hata hivyo aliitundika mizani kwenye boriti ya banda, wakainua kwa mnyororo pua ya karavani, pale inapofungwa kwenye gari. Wateja waliacha mbavu zao wakaja kutazama.

Kilo thelathini na nane.

Kesho yake, mizani ya magari kwenye ghala la mahindi ilisoma kilo 1,240 kwa karavani nzima. Akeyo, aliyejifunza mambo haya kwenye simu, alijua kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito inapaswa kulalia ndoano ya gari. Cherehani na sponji alizopanga nyuma zilikuwa zimeinua pua.

"Nilifuata mwanga," anasema. "Sikufikiria uzito."

Alihamishia cherehani mbele, na pua ikatulia. Lakini kilo 1,240 zilibaki kilo 1,240.

"Probox si mbaya," anasema. "Mzigo ndio si wake."

Wanyonyi ndiye aliyekataa kwanza kuuza. "Pesa naitaka, sidanganyi," anasema. "Lakini mimi ni mtu wa breki. Nikikusikia uko mteremkoni na hiyo kitu, nitalala aje?"

Akeyo alipiga simu Bogoria, akaeleza ukweli. Kazi ya mito alipewa mtu mwingine.

Gari analolitaka sasa ni pikapu ya dizeli, nzito, ambayo kitabu chake cha maelezo kinaruhusu ivute tani mbili. Kwa anachoweka kila wiki, itamchukua miezi minane. Haihesabu miezi hiyo kama adhabu.

Chai imepoa. Ukungu umeanza kupanda, na kwa mbali ukingo wa volkeno ya Menengai unajitokeza kidogo kidogo, kama kitu kinachokumbukwa.

"Siku ya kwanza nikifika Bogoria, sitatafuta kazi," anasema, sauti ikishuka. "Nitafungua mlango, niwatazame heroe, wale ndege wa rangi ya waridi ziwani. Halafu nishone kiti kimoja tu, cha kwangu. Kimoja. Polepole."