Ramani Tuliyoichora kwa Mahindi

Nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati kwa sababu ya mwandiko. Hakuna sababu nyingine. Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani moja na kibanda kimoja hapa mtaani Huruma, na miaka yote nimeandika vipimo vya wateja katika daftari ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Siku ya kuchagua kamati ya mradi wa mafuriko, mtu mmoja alisema kwa sauti, "Huyu wa kushona anaandika vizuri," na kabla sijameza mate nikawa katibu. Watu wakapiga makofi. Nilifurahi, siwezi kukataa. Sikujua kamati yenyewe ni ya kufanya nini, lakini nilifurahi.

Mkutano wa kwanza ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Dada wa mradi, msichana mpole mwenye miwani na laptopu, alitueleza kwamba pesa zitatoka kwa wafadhili, serikali itaongeza zake, na sisi wananchi tutatoa kazi ya mikono na mawazo. Huo ndio ushirikiano, alisema. Hakuna atakayekuja kutuambia tunataka nini. Sisi ndio tutasema, na tutakachosema ndicho kitakachojengwa. Niliandika yote. Kisha akataja wadau, uwezeshaji, ustahimilivu na mabadiliko ya tabianchi, nami nikaandika hayo pia na kuyapigia mstari, ili nionekane nimeelewa.

Kando yangu alikuwa ameketi Shosho. Si nyanya yangu. Mtaa mzima humwita hivyo. Ni jirani yangu wa upande wa chini, mama mzee anayeuza viazi kutoka Ainabkoi mbele ya mlango wake. Ana vyumba viwili vya udongo na mabati kwenye kiploti kidogo alichokinunua mwenyewe, baada ya kuhamishwa mara moja katika maisha yake, na si maji yaliyomhamisha. Kuhusu hayo haongei sana. Anachosema ni kwamba safari hii hahami, hata aje nani. Nyuma ya vyumba vyake unapita mtaro wa udongo, uleule unaopita nyuma ya vyumba vyangu, na kila mvua kubwa ikija maji humwingilia hadi magotini. Kwangu hufika kizingitini, na miaka mingine huingia.

"Ustahimilivu ni nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni kama kuvumilia, Shosho."

"Kuvumilia? Si hiyo tunafanya kila mwaka na hakuna mtu ametuletea laptopu?"

Nilicheka mpaka dada wa mradi akanitazama. Lakini moyoni nilijiuliza swali hilohilo.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya ramani. Dada wa mradi alichora mtaa wetu kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi: barabara, kanisa, uwanja wa mpira, bucha, mtaro. Akaweka karai mbili mezani, moja ya maharagwe na moja ya mahindi. Kila mwenye nyumba angepita, aonyeshe kwake ni wapi, na kama maji humwingilia aweke haragwe. Kama kwake ni kukavu, aweke punje ya hindi. Mimi katibu nilipaswa kusimama hapo na daftari, niandike jina la mtu na neno moja, "maji" au "kavu". Kazi rahisi, mtoto wa darasa la pili angeiweza.

Sasa nieleze jambo ambalo dada wa mradi hakulijua, na ambalo hakuna aliyemwambia. Miaka kadhaa nyuma, katika mtaa mwingine karibu na mto, walikuja watu wenye makoti ya kung'aa, yale ya manjano yenye mikanda. Walikuwa na ramani na futi kamba, na walisalimia watu vizuri kabisa. Waliuliza ni nyumba zipi maji hufika, na watu wakawaonyesha kwa mkono. Baada ya siku chache nyumba hizo zilipakwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na baada ya majuma kadhaa tingatinga likaja. Eti zilikuwa kwenye njia ya maji. Dada wetu wa mradi naye alikuwa amevaa koti la kung'aa, la manjano, lenye mikanda.

Usiku wa kuamkia siku ya ramani mume wangu hakuzunguka maneno. Yeye huchomelea vyuma, na husema maneno machache. "Ukiweka hilo haragwe, umebomoa vyumba vyetu vinne kwa mkono wako." Viwili kati ya hivyo tumewapangisha watu, na ndivyo vinavyosomesha watoto. Nilimjibu kwamba huu ni mradi wa kusaidia. Akaniuliza nimejuaje. Kuambiwa ukweli na mtu ambaye hata hajahudhuria mkutano ni jambo linaloudhi sana.

Basi asubuhi, pale ukumbini, watu wakaanza kupita. Wa kwanza, mwenye nyumba ambaye mwaka uliopita nilimwona kwa macho yangu akitoa godoro likichuruzika, aliweka hindi. Wa pili akaweka hindi. Wa tatu alishika haragwe, akawatazama wenzake, akalirudisha karaini kama mtu aliyechukua kitu cha wenyewe. Zamu yangu ilipofika niliweka hindi juu ya vyumba vyangu, nikaandika jina langu, na mbele yake nikaandika "kavu" kwa mwandiko ule mzuri.

Halafu akaja Shosho. Alikuwa na haragwe moja kiganjani, kubwa, jekundu, na alisimama hapo akinitazama mimi, si ramani.

"Katibu, niweke gani? Wewe ndio umesoma."

Nilisoma mpaka darasa la nane. Sikujua chochote zaidi yake. Ningeweza kumwambia, "Shosho, mimi pia nimechanganyikiwa." Maneno hayo hayana gharama yoyote. Badala yake niliinama, nikachukua punje ya hindi, nikamwekea mkononi. "Weka hii," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua.

Akaiweka, nami nikaandika "kavu".

Mwishoni ramani ilikuwa nyeupe yote. Maharagwe matatu tu, yote mahali pasipo na nyumba ya mtu: mawili kwenye uwanja wa mpira na moja nyuma ya choo cha bucha. Dada wa mradi aliizunguka mara mbili, akavua miwani, akaipangusa.

"Lakini mafuriko yapo," alisema. "Sasa hayo maji yanapita wapi?"

Sauti moja kutoka nyuma ikajibu, "Yanapitanga tu."

Alipiga picha ramani, alipiga picha daftari langu pia, na akasema atafikisha sauti yetu kama ilivyo. Nilirudi kazini na kushona suruali mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Sikujua kama nimemwokoa Shosho au nimemtosa.

Mradi ulipitishwa. Wananchi wamesema uwanja unafurika, basi uwanja ukajengewa mtaro wa mawe na saruji, mzuri, mpana, laini kama meza. Sisi wenyewe tulichimba. Mimi nilibeba mawe na mgongo ukaniuma mwezi mzima. Palisimamishwa ubao wenye alama za wadau wote, nyingi kiasi kwamba jina la mtaa wetu lilibaki kwenye kona ya chini. Mtaro huo uliishia pale uwanja unapoishia, kwa sababu kwa mujibu wa ramani hapakuwa na shida huko chini. Kutoka hapo maji yangeendelea katika mtaro wetu wa zamani wa udongo. Nilipouona mwisho wake, hatua chache juu ya nyumba ya Shosho, nilijua maji yatamwangukia nani. Ningesema nini, wakati maneno tayari yalikuwa kwenye daftari langu?

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha alasiri, saa kumi hivi, nikiwa kwenye cherehani. Zamani maji yalikuwa yakijikokota uwanjani na kutufikia polepole, mtu ana muda wa kuinua vitu. Siku hiyo yalishuka kwenye saruji ile laini kwa kishindo, yakatoka mwishoni na kuupiga ukuta wa Shosho kwa nguvu zote. Nilikimbia nikiwa bado na futi kamba shingoni. Nilimkuta amesimama juu ya kitanda, amekumbatia kibeti chake cha karatasi za ploti, na viazi vinaelea chumbani. Mimi na mpangaji wangu tulimtoa tumembeba mgongoni. Hatukuwa tumefika barabarani ukuta wa nyuma ulipoanguka, na bati la juu likainama likabaki linaning'inia.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Alilala kwangu, katika chumba cha watoto, na asubuhi aliniuliza, bila ubaya wowote, "Si ile mahindi ilikuwa ya kutusaidia?"

Dada wa mradi alikuja siku ya tatu, na mimi nilimshukia kabla hajasalimia. Nilimwambia wametuletea maji kwa bomba. Nilimwambia wameikatiza saruji hatua chache kabla ya nyumba ya mama mzee kana kwamba hawamwoni. Nilikuwa na hasira kweli, na nilikuwa naipenda, kwa sababu ilikuwa imefunika kitu kingine. Alifungua laptopu akanionyesha picha. Ilikuwa ramani yetu, na pembeni yake ukurasa wa daftari langu. Jina la Shosho. "Kavu". Mwandiko ulikuwa unasomeka vizuri sana.

"Tulidanganya," nikasema.

"Wote?"

"Wote. Na huyu nilimwambia mimi."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Tulidhani nyinyi ni wale wa X. Nitajuaje? Koti ni moja."

Alijitazama lile koti kana kwamba amelivaa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kisha akakaa juu ya gunia la viazi vilivyooza na akaniambia jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwa kulisema. Kulikuwa na awamu ya pili. Mtaro unaweza kuendelezwa hadi chini, na nyumba iliyoanguka inaweza kusaidiwa, lakini lazima mwenyewe akiri kwa maandishi kwamba anaishi katika eneo la hatari. Na fomu hiyo haibaki kwao peke yao. Inakwenda kwa wadau wote, pamoja na wale wanaolinda njia za maji. Huo nao ulikuwa ushirikiano.

"Sasa wakiisoma wao?" nikauliza.

"Mimi naweza kuahidi upande wetu tu. Upande wao siwezi. Nikikuambia naweza, nitakuwa nimekudanganya."

Alituachia fomu na kusema atarudi kuichukua mchana. Tuliiweka juu ya cherehani, mimi na Shosho, nikamsomea kila mstari, mara mbili. Nikiisoma hivi, ilikuwa msaada. Nikiisoma vile, ilikuwa hukumu ya kuhamishwa. Mwisho palikuwa na nafasi ya shahidi: jirani, mwenye nyumba, anayeishi ndani ya eneo hilohilo la hatari. Nilipita mstari huo haraka, kisha nikarudi nikausoma taratibu, kwa sababu hapakuwa na jirani mwingine upande ule ila mimi.

"Niweke kidole ama nisiweke?" akauliza.

"Sijui, Shosho."

"Wewe ni katibu."

"Mimi ni katibu na sijui. Hata siku ile sikujua. Nilikuambia tu kwa sababu nilikuwa naogopea vyumba vyangu. Ukaweka mahindi yangu, si yako."

Nilitamani anitukane, nilikuwa nimestahili. Nje mteja mmoja aliita, akaita tena, akaenda zake. Shosho alivuta fomu, akaomba wino, akabonyeza kidole gumba kwa nguvu mpaka karatasi ikakunjika.

"Huko nyuma nilihamishwa na watu wenye hawakuniuliza kitu," alisema. "Hii angalau nimeulizwa. Sasa wewe."

Nilifikiria mume wangu. Nilifikiria wale wapangaji wawili na karo. Kwa kweli nilifikiria hata kusema kalamu imeisha wino. Kisha niliandika jina langu, nambari ya kitambulisho, na palipouliza kama maji huingia kwangu, nikaandika kwamba huingia. Herufi zilikwenda kombo. Ndio mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika.

Shosho aliutazama ingawa hasomi. "Haya," akasema, "wakibomoa, watatubomoa wawili."

Fomu ilichukuliwa. Mume wangu alininyamazia siku nne, na ya tano akaenda bila kuambiwa akamchomelea Shosho fremu ya mlango. Hakuna aliyerudi bado, si wa kujenga si wa kubomoa. Kila lori linapopunguza mwendo pale barabarani, mimi huacha cherehani na Shosho huacha viazi, tunatoka kuangalia limebeba mawe au limebeba tingatinga.