Unga wa Chungu

Mimi si mtu wa kusamehe haraka, na sitajifanya hapa kwamba nimesamehe. Zile wiki nne ambazo watu wa barabara yangu walikataa kula chapati zangu kwa sababu ya picha iliyokuwa kwenye gunia la unga, nazikumbuka siku moja moja, na nikizikumbuka damu inanipanda kama vile ilikuwa jana.

Kibanda changu kiko Busia, upande wa Kenya, kando ya ua ambapo malori yanapanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Nyumbani ni Burumba, si mbali, naenda kwa miguu. Napika chapati, maharagwe na chai ya maziwa. Wateja wangu ni madereva, matanboi wao, wale wasaidizi wa lori, na maajenti wa forodha, wale watu wanaowaandalia madereva karatasi za kuvukia mpaka.

Pale kwenye ua hakuna mwenye cheti cha mahali. Mahali ni pako kwa sababu unawasha moto hapo. Jiko lako likikaa baridi wiki nzima, mwenzako analeta lake, anakusalimia vizuri kabisa, anakuuliza habari za watoto, na hapo umekwisha. Huna afisa wa kumlilia wala karatasi ya kumwonyesha. Nimewahi kwenda kazini na malaria, natetemeka, nikawasha moto, nikalala kwenye benchi mpaka jioni. Nilichotaka ni moshi uonekane.

Unga niliokuwa nikitumia tuliuita wa chungu. Gunia lake lilikuwa na picha ya chungu cheusi, na jina lenyewe la kampuni hakuna aliyelijali. Niliupenda kwa sababu mikono yangu iliujua. Kila unga una kiu yake. Ule wa chungu unakunywa maji ya vuguvugu polepole, na ukiuharakisha unapata chapati ngumu kama ngozi ya kiatu. Ukiustahi, chapati inakunjika mara nne bila kupasuka, na dereva anaweza kuifunga kwenye gazeti aile mbele ya safari ikiwa bado laini. Nilizishona hata kuta za kibanda kwa magunia yake. Nilikuwa nayafumua, nayafua, kisha naunga moja na jingine kwa sindano ya gunia, na ukiingia ndani unakuta vyungu vimekuzunguka pande zote.

Basi mwenye kile kiwanda akapanda jukwaani. Ilikuwa wakati wa kampeni. Nilimwona kwenye simu ya mteja, mzee mmoja amevalishwa kofia ya chama, ameshikwa mkono na mgombea ambaye upande wetu hatukumtaka hata kumsikia. Anasema yeye, familia yake na wafanyakazi wake wote wako nyuma ya mgombea huyo. Wafanyakazi wake wote, eti. Nani aliwauliza? Chini ya picha yake waliandika jina la kampuni, na hapo ndipo nililijua kwa mara ya kwanza. Nikafyonya. Mimi mwenyewe yule mgombea nilikuwa simtaki, na mtu asije akasema nilikuwa natetea siasa za mzee huyo. Nilifyonya, nikageuza chapati yangu, nikadhani mambo yameishia pale.

Kabla ya wiki kwisha, picha ya gunia la chungu ilikuwa kwenye kila simu, imepigwa mkwaju mwekundu katikati, na maneno ya kutuambia tusiwalishe watoto wetu unga wa adui. Niliambiwa kwamba kule Nambale wenye maduka walikuwa wamegeuza pakiti za chungu ziangalie ukuta. Unauziwa, lakini picha usiione. Nililicheka hilo kwa sauti, na sikujua kuwa zamu yangu iko njiani.

Aliyebeba habari hiyo mpaka kwenye ua wetu alikuwa ajenti mmoja wa makamo, shati lake limepigwa pasi kila siku ya Mungu, mtu ambaye nilimlisha miaka sita. Tulilingana umri, lakini aliniita mama, nami nikamwita boss. Kukiwa hakuna malori, yeye hana kazi, na siku kama hizo nilimpa chai bila kumwangalia usoni ili asione aibu. Namwandika bila jina, lakini akisoma atajijua.

Alikuja asubuhi ya Jumanne, kibanda kimejaa. Akaniuliza natumia unga gani. Nikadhani ni mzaha, kwa maana alikuwa ameegemea ukuta wenye vyungu kumi. Nikamwonyesha gunia. Akainua chapati yangu kwa vidole viwili, juu, kila mtu aione, akasema, "Mama, hii chapati ni chungu."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, mjinga mimi, kwa maana neno ni lile lile, chungu cha kupikia na chungu cha kinywani, na utani mzuri nauheshimu hata ukinichoma. Kisha nikaona haishushi. Akawaambia wenzake kwamba mtu anayejiheshimu hawezi kula hapa mpaka mama abadilishe unga. Maajenti wakasimama mmoja mmoja. Wengine walikuwa wameshamega. Madereva nao wakasimama, na hao ndio walioniuma zaidi, kwa maana niliona wana njaa. Lakini karatasi ya dereva iko mkononi mwa ajenti, na hakuna dereva atakayegombana na mwenye karatasi zake kwa ajili ya chapati. Ndani ya dakika tano nilibaki na sahani zangu.

Nilimfuata nje. Nikamweleza kwamba nyumbani nina magunia matatu ambayo nimeshayanunua. Mwenye kiwanda alishapata chake zamani, na hata nikiyamwaga yote mtaroni leo, yeye hatakosa usingizi. Atakayelala njaa ni mimi. Nikamwambia pia kwamba kura yangu na yake ni moja. Alinisikiliza kwa upole, huo upole wa mtu ambaye ameshaamua, akasema huu ni msimamo. Hilo neno niliambiwa na kila mtu mwezi ule mpaka likanitoka puani. Msimamo wao wote, na aliyesimama juani bila mteja ni mimi peke yangu.

Nikaendelea kuwasha moto. Nilichemsha maji yasiyo na majani, nikafunika sufuria, nikakaa. Chapati chache nilizopika nilizipeleka nyumbani, watoto wakazila asubuhi, mchana na jioni mpaka wakaanza kuniomba ugali kwa adabu. Jirani yangu wa kushoto, anayekaanga samaki wa Port Victoria, alikuwa akisogeza jiko lake upande wangu kidogo kidogo. Leo hatua moja, kesho kutwa nyingine. Alikuwa ananisalimia vizuri sana. Wiki ya nne mafuta yake yaliruka yakaangukia benchi langu, akaniomba msamaha huku akipima kwa macho mahali nitakapopaacha.

Siku hiyo nilizifumua kuta zangu. Nilikata nyuzi kwa kisu cha vitunguu, nikashusha vyungu vyote, nikavirundika. Nililia, na nilikuwa nalia kwa hasira, si kwa huzuni. Miaka yangu ya kushona ilimalizika kabla ya saa sita, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kuniambia pole.

Kesho yake nilivuka. Upande wa pili mwenye duka aliniita nyabo, mama kwa lugha yao, akanisifia unga mmoja wenye picha ya ngoma, wa kule kule Uganda, akasema, wa kwetu kabisa. Nikauchukua. Mzee mmoja anayebeba mizigo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, akanivushia magunia mawili kupitia njia anazozijua yeye. Nikasimamisha gunia moja la ngoma mlangoni, watu walione kabla hawajaona uso wangu.

Walirudi siku hiyo hiyo. Ajenti alikuja na wenzake, akala tatu, akapangusa vidole, akatangaza kwamba hii sasa ndiyo chapati, Waganda wanajua kusaga. Wote wakakubali. Mmoja akasema hata rangi ni tofauti. Jirani akarudisha jiko lake mahali pake.

Lakini mikono yangu ilikuwa imeshajua. Tangu kukanda kwa kwanza kabisa, ule unga ulikunywa maji kama wa chungu, polepole, na donge likalala vile vile chini ya kiganja. Nikajikemea, nikajiambia ni mazoea. Nilisubiri mpaka gunia la kwanza likaisha, nikakaa nalifumua nianze kuta mpya. Chini kabisa, ndani ya mkunjo ambapo uzi wa kiwandani unafunika, kulikuwa na maandishi madogo, madogo sana. Yalisema unga huu umesagwa Kenya kwa kuuzwa nje ya nchi. Na chini yake lilikuwa jina la kampuni, lile lile nililolisoma kwenye simu chini ya kofia ya yule mzee.

Nilikaa na lile gunia mapajani. Unga umetoka kwa mzee, umevuka mpaka kwa lori, umeshushwa, umeitwa wa Uganda, umerudi Kenya kwa baiskeli ya mikono, na watu wangu wameula wakamsifu Mganda. Nilifikiria wiki nne za kuchemsha maji matupu. Nilifikiria kuta zangu. Haki ya Mungu, kama wangekuwa mbele yangu saa ile ningewapiga na gunia lenyewe.

Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu kama alivyoniaibisha. Nilingoja amalize kula, wenzake wakiwa bado wanaongea mambo yao kwenye benchi, nikamwita pembeni nyuma ya jiko. Nikamwekea gunia mkononi, kidole changu kikiwa juu ya yale maandishi. Nilikuwa nimejiandaa kuona uso wake ukianguka. Nilikuwa nautamani ule uso kwa siku mbili nzima.

Hakuinama hata kusoma, akanirudishia gunia.

"Najua, mama," akasema. "Hizo lori ni mimi nazipitishia karatasi, pale Malaba."

Nilidhani sikusikia. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Zile siku mbili kila wiki ambazo hatumwoni Busia, yuko Malaba, kwenye kivuko kile kingine cha mpaka, na malori ya kampuni hiyo. Ni kazi ya miaka, na ni kazi nzuri, haina usumbufu. Wiki zile nne zote alikuwa akienda. Asubuhi anagongesha mihuri ya unga wa mzee uvuke, kesho yake yuko kwenye ua wetu anawahesabu wanaojiheshimu.

Nikamwuliza aliwezaje. Akasema, "Ile ni kazi. Hii ingine ni siasa. Usichanganye."

Nikamwambia basi awaambie wenzake, sasa hivi, pale pale. Akatikisa kichwa. Kampuni ikisikia jina lake kwenye maneno hayo itatafuta ajenti mwingine, na yeye ana watoto shuleni. Nikamwuliza kama mimi wangu wako mbinguni. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa anaigiza, na hilo ndilo lililonimaliza. Akasema si nimesharudi kazini, wateja si hawa, sasa shida iko wapi.

Ningeweza kupaza sauti. Watu saba walikuwa kwenye benchi, hatua tatu kutoka tuliposimama, na gunia lilikuwa mkononi mwangu. Lakini nilijua kitakachofuata. Wangeukataa na huu, siku hiyo hiyo, na mpakani hapa hakuna unga mwingine ambao mikono yangu inaujua. Jirani alikuwa anachochea jiko lake, ametutolea macho. Na wale saba hawakuja kwa ajili yangu. Walikuja kwa sababu yeye amekuja, na siku akisimama watasimama.

Akarudi akaketi, akasukuma sahani mbele, akaomba moja ya ziada. Nililikunja lile gunia, maandishi yakiwa ndani, nikaliweka chini ya meza. Nikachagua chapati, na nikamchagulia ile laini, ya katikati ya rundo. Nikamwuliza, "Na chai, boss?"