Mikono Yangu katika Duka la Manukato

Nilimwahidi msichana niliyetaka kumwoa kwamba baba yake ataiona mikono yangu kwa macho yake, mchana kweupe, kabla wazee wa kwetu hawajapeleka posa. Hakunilazimisha. Alisema tu kwamba baba yake husamehe mengi, ila hasamehi kufichwa, na kwamba akiyasikia ya ngozi yangu barazani kwa majirani, posa itarudi ilikotoka.

Nina soriasisi tangu utotoni. Ngozi ya viwiko, ya magoti na ya mgongo wa viganja huwa nene, huwasha, kisha hubambuka magamba meupe. Haiambukizi, wala haiponi kabisa. Hutulia, kisha ikarudi. Nyumbani kwetu Mji wa Kale haikuwa siri. Dada yangu alikuwa akikung'uta mkeka niliokalia na kuita jikoni, "Mama, leo tusende sokoni, samaki keshaparwa." Nami humjibu kwamba heri magamba ya ngozi kuliko miiba ya ulimi.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Nilipenda kupika, na nilipomaliza shule nilitaka kusomea upishi wa hotelini. Nikajiuliza ni mgeni gani atakayekula biriani iliyopikwa kwa mikono hii, nikajijibu bila kumwuliza mgeni yeyote, nikaenda chuoni kusomea ualimu. Sijuti, kwa kuwa darasa nalipenda kwa dhati: wanafunzi huuliza wanachotaka kujua, na wakishajibiwa huendelea na somo. Baadaye nilipata nafasi ya kufundisha bara. Nikapanda basi Mwembe Tayari nikiwa na matumaini makubwa, lakini baridi kavu ya huko ilinipasua vidole hata kushika chaki kukawa mateso, na muhula ulipokwisha nikarudi kwenye jua na unyevu wa kisiwani. Ngozi ilikuwa imekwisha kunichagulia kazi, ikanichagulia na mji wa kukaa. Katika suala la mke sikutaka iwe na kauli.

Baba wa msichana huuza manukato katika duka dogo, kichochoroni, si mbali na Ngome ya Yesu. Maduka haya yana desturi yake. Mwenye duka hukushika mkono, akaugeuza, akakupaka tone la mafuta mgongoni mwa kiganja, akangoja lipate joto la mwili, ndipo akuulize waonaje. Nilikuwa nikipita pale tangu siku za chuo, na kila mara nilitoa udhuru, mikono nimeirudisha ndani ya kanzu.

Asubuhi ile nilivaa shati la mikono mifupi.

"Asalaam aleikum, Ami."

"Waaleikum salaam. Leo waja kununua, au kunisalimia tu kama kawaida yako?"

"Nimekuja kwa jambo la binti yako."

Akaiweka chini chupa aliyokuwa akiipangusa. "Posa huletwa na wazee. Kwenu wazee wamekwisha?"

"Wapo, Ami, na watakuja ukitoa ruhusa. Lakini kuna kitu nataka ukione kwanza, wao wasije wakakupambia maneno."

Nikaiweka mikono yote miwili juu ya meza yake ya kioo. Akavaa miwani akaitazama. Mama mmoja wa makamo, mteja wake wa siku nyingi, alikuwa amesimama pale akingoja ubani. Naye akanyoosha shingo.

"Hii ndiyo sababu hukutaka nikupake mafuta miaka yote?"

"Ndiyo, Ami."

"Subhanallah. Na mimi nikisema nyumbani kijana huyu ana kiburi, mafuta yangu ayaona ya ovyo." Akamgeukia yule mama. "Nilimwambia mke wangu, huyu manukato ya bure hayataki, ataweza kunitaka mimi niwe mkwewe?"

Yule mama alicheka, nami nikashindwa kujizuia. Mwenyewe hakucheka. Aliniuliza kama yaambukiza, nikamwambia la. Akauliza kama itapona, nikamwambia la.

"Na watoto?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa. Nikamjibu kama daktari alivyonieleza: huenda mmoja akairithi, huenda asiirithi, na hakuna awezaye kumwahidi lolote. Nilitamani kuongeza neno la kulainisha jibu. Sikuongeza.

Akafungua chupa, akaifunga. Yule mama ndiye aliyesema, "Wewe una kisukari na mkeo ana presha. Nani aliwauliza habari za watoto?"

"Hakuna aliyeniuliza. Ndiyo maana nauliza mimi." Kisha akanitazama. "Binti yangu ajua?"

"Ajua yote. Ndiye aliyetaka nije."

Akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza polepole. "Hapa pauma?"

"Pauma."

"Na hapa?"

"Hapo pazima."

Akapaka tone la mafuta ya waridi pale pazima, karibu na kifundo, akangoja lipate joto. "Mwambie babako aje Ijumaa baada ya sala. Na aje na mtu ajuaye kuzungumza, maana wewe utaratibu wote umeuvuruga."

Siku ya nikahi ngozi ilikuwa imechachamaa, kwa kuwa hata furaha huitibua. Mimi na baba mkwe tulishikana mikono ya kulia mbele ya sheikh, kama ilivyo ada, watu wakitazama. Nilitaka kuushika mkono wake kwa ncha za vidole tu, ili nisimwachie magamba; yeye akaukamata wangu wote, wala hakuulegeza mpaka niliposema nimekubali.

Ombi langu kwako, msomaji, ni hili: akija kwako mtu mwenye ngozi kama yangu, akitaka kazi, chumba cha kupanga au mkono wa mwanao, usiende kuulizia kwa majirani. Muulize mwenyewe, hata swali zito, kisha umngoje ajibu.