Fundi wa Chombo cha Anga Agoma Kulia

"Silii," anasema mama mmoja ndani ya studio ya sauti, akivua vipokea sauti masikioni. "Injini inavuja, fundi analilia mapenzi?"

"Mama, kwenye picha mdomo wake unalia," anajibu msimamizi wa studio kutoka upande wa pili wa kioo. "Nimfunge plasta?"

Ni saa tatu asubuhi. Tangu saa mbili hawajarekodi hata sentensi moja.

Mama huyu, mwenye miaka hamsini na mmoja, huingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni. Kazi hiyo imesomesha mabinti zake wawili. Miaka kumi na tisa iliyopita, kwa vipindi sabini na vinane, alikuwa sauti ya fundi mkuu wa chombo cha anga: mwanamke wa makamo, mikono imejaa grisi, asiyemwogopa nahodha. Mpaka leo majirani humwita Mama Injini.

Sasa tamthilia hiyo imetengenezwa upya. Fundi amekuwa msichana mwenye kucha safi, anayempenda rubani na kulia kila kipindi. Nahodha, zamani mzee wa mvi, safari hii ni mwanamke, na ukali wote wa fundi kapewa yeye.

"Sikatai mabadiliko," anasema. "Hata mimi nimebadilika, magoti yanalia kuliko huyo binti. Lakini fundi wangu kahamia kiti cha nahodha."

Aligundua hivyo juzi kwa kukosea. Picha ilipofika chumba cha injini, alitamka kwa mazoea maneno ya fundi wa zamani: "Ukitaka mwendo, shuka usukume." Msichana kwenye picha alikuwa kafumba mdomo. Midomo iliyoenda sawa na maneno yale ilikuwa ya nahodha.

"Nahodha bado hana sauti," mama anamkumbusha msimamizi.

"Watazamaji wanakujua kama fundi. Ukimkataa, msimu huu huna kazi."

"Basi sina, mwanangu. Uzee huu nikaigize mafua ya mapenzi?"

Msimamizi anacheka. Anasema wakubwa wa studio wanataka sauti changa kwa nahodha.

"Wakubwa wasikilize kwanza, ndipo waseme."

Mama anataka vipindi vyote ishirini na vinne vya nahodha. Anafunga karatasi za fundi, anazitoa nje ya mlango, anarudi na za nahodha.

"Weka picha."

Msimamizi anasita, kisha anabonyeza. Taa nyekundu inawaka, naye mama, kwa sauti ya nahodha, anawaamuru watu wote wa chombo warudi kwenye nafasi zao.